Sauti Inayovuka Korongo

Siku daktari alipomwambia Saruli atoe sauti ya juu, Saruli alidanganya. Alitoa kisauti kidogo, "eee", kikafia palepale kwenye meno, akavuta ncha ya sari mpaka ikamfika puani. Daktari Ila Tamta akamsubiri kidogo, akaona hakuna kingine kinachokuja, akaandika kwamba sauti ya mgonjwa ni nzito na haipandi.

Uongo mtupu! Mwanamke huyo akisimama na mundu wake kwenye ukingo wa kijiji chao, Simaldhar, sauti yake huvuka korongo zima, hupita juu ya mto, na wakata nyasi wa ng'ambo huacha kazi wamsikilize. Lakini mwenzangu, angefanyaje? Kalyan Singh, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa ameketi mlemle chumbani, kofia nyeusi kichwani, mikono miwili juu ya mkongojo. Na kwao mwanamke hapazi sauti mbele ya kaka mkubwa wa mumewe hata nyumba iwe inaungua. Anafunika uso, anasema kwa ncha ya ulimi, na ikiwezekana anamtuma mtoto amsemee. Sasa aimbe? Mbele ya Kalyan Singh? Bora arudi nyumbani na rovu lake shingoni.

"Mama, panda juu kidogo," daktari alimbembeleza. "Kama unamwita ng'ombe aliyetorokea msituni."

Kalyan Singh akamjibia. "Huyu si mwimbaji, daktari. Ni mkulima. Wewe litoe tu hilo rovu, lote, kwa mara moja, tusirudi tena. Kutoka kwetu mpaka huku Haldwani ni kutwa nzima ndani ya basi, na mimi mgongo wangu si wangu tena."

Saruli akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, si mwimbaji.

Rovu lenyewe alikuwa nalo tangu usichana. Zamani, kabla chumvi ya madini joto haijapanda milimani, wanawake wengi wa kijijini walikuwa nalo shingoni na hakuna aliyeshangaa. Wengine walilivalisha shanga wakaenda nalo harusini. Lakini la Saruli halikutulia. Lilijaa upande wa kulia, likajaa na wa kushoto, likashuka mpaka nyuma ya mfupa wa kifua, likaanza kumkaba. Alikuwa analala ameketi, ameegemea gunia la mchele. Chapati ya ulezi ilimkwama siku moja mpaka macho yakamtoka, na ndipo mumewe, aliyekuwa mlinzi huko Delhi na hapewi likizo hata akilia, alipopiga simu akasema, kaka atakupeleka, nenda.

Daktari Ila aliwaeleza kazi itakavyokuwa, kwa kidole juu ya shingo yake mwenyewe. Nyuma ya tezi, kila upande, kuna neva nyembamba inayoziamrisha nyuzi za sauti zifunguke na zifungike. Neva hiyo ikiumia, mtu anabaki kunong'ona. Kwa hiyo mpira wa kupumulia watakaomtia kooni utakuwa na nyaya, zimegusa nyuzi za sauti. Yeye daktari atakuwa na kijiti chenye umeme kidogo sana. Akigusa neva kwa kijiti hicho, uzi wa sauti utashtuka na mashine italia. Ikilia, neva iko hai.

"Na huku juu," akasema, akigusa chini ya taya, "kuna neva nyingine, nyembamba kama uzi wa kushonea. Hiyo ndiyo inayokaza nyuzi za sauti, sauti ikapanda. Waimbaji ndio wanaoilia sana hiyo. Wewe kwa kuwa huimbi sitaichokonoa, maana uvimbe wako umepanda mno pale. Nitapita mbali nayo kadiri nitakavyoweza."

"Na usipoweza?" Saruli aliuliza ndani ya sari.

"Utazungumza vizuri tu. Ila hutapanda juu."

Saruli akaishusha sari kidogo. Alitaka kusema. Akamwona Kalyan Singh kwa pembe ya jicho, akameza maneno.

Maana huko juu, jamani, ndiko alikokuwa mdogo wake.

Jainti aliolewa ng'ambo ya korongo, kijiji cha Bhainsar. Ukisimama Simaldhar unaziona paa za kwao, unaona moshi wao, ukiwa na macho mazuri unaona nani ameanika nguo. Kwa miguu ni kushuka hadi darajani na kupanda tena, asubuhi moja. Wawili hao hawakuzaliwa na kaka. Mwezi wa Chait, ambapo kila kaka humpelekea dada yake aliyeolewa mbali sketi mpya na mikate mitamu, Saruli ndiye aliyekuwa anajitwisha kapu na kwenda kwa Jainti. Watu walimcheka, dada amegeuka kaka, naye aliwajibu kwamba atafuga na masharubu wakitaka.

Halafu ukaingia ugomvi. Kisa chenyewe ukikisikia utashika kichwa. Harusi ya binti wa Saruli, wageni wamekaa mkekani, Kalyan Singh anawapaka alama nyekundu kwenye paji la uso mmoja mmoja, kwa daraja zao. Akampaka mwalimu wa shule kabla ya Gusain, mume wa Jainti. Basi! Gusain akasimama, akaacha wali kwenye sahani ya majani, akaapa mbele ya watu wote kwamba mguu wa mke wake hautakanyaga tena uwanja ule. Kalyan Singh naye, badala ya kusema samahani, nimepitiwa, akasema mlango haujafungwa, anayetaka kutoka atoke. Kapu la Saruli nalo halikuvuka tena. Wanaume wawili na kidole kimoja cha rangi! Binti aliyeolewa siku hiyo sasa ana watoto wanaokwenda shule.

Simu ipo, ndiyo. Inakaa kwenye mfuko wa shati la Gusain. Lakini nyasi lazima zikatwe, ng'ombe hawana habari za ugomvi wa watu, na wakata nyasi huimba nyoli tangu zamani. Mmoja anaanza ukingo huu, mwingine anajibu ukingo ule, na hakuna mume aliyewahi kumkataza mke wake kuimba nyasini, maana atamkataza vipi, aende akamzibe mdomo mlimani? Hivyo ndivyo Saruli alivyojua Jainti amejifungua, na kwamba mtoto alikufa, na kwamba wa pili alipona. Hivyo ndivyo Jainti alivyojua rovu limezidi. Hawakushikana mikono miaka yote hiyo. Walichokuwa nacho ni ile sauti ya juu kabisa, kwa sababu ya chini huishia mtoni.

Mchana wa siku ya kuamkia upasuaji, Sista Rosamma alikuja na gauni la kijani. Sista huyu alitoka kusini kabisa, Kerala, Kihindi chake kilikuwa kinachechemea na kila mgonjwa alimcheka, naye aliwachoma sindano vizuri mno hata hawakuweza kumchukia.

"Sista," Saruli alimwita alipomwona peke yake. "Ile neva ya juu ikikatika, mtu anaweza kuimba?"

"Kuimba wapi? Kanisani?"

"Nyasini."

"Nyasini?" Sista Rosamma akaketi kitandani, jambo ambalo huwafokea wengine wakilifanya. "Unaimba, wewe? Karatasi inasema huimbi."

Saruli akamweleza yote, dada, korongo, shati la Gusain. Alipomaliza sista alikuwa amekunja gauni mara nne na kulikunjua.

"Mwambie daktari."

"Shemeji hamwachi daktari. Kila akija, naye yupo."

"Sasa huyo shemeji ataingia thieta?" Sista Rosamma akacheka. "Kwa kofia yake ile? Hapiti hata mlango wa kwanza. Mle ndani, dada yangu, utakuwa na daktari, na mimi, na mtu wa usingizi. Funua kinywa chako huko."

Kesho yake ikawa hivyo. Walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, Kalyan Singh akitembea pembeni, kok kok, mkongojo sakafuni, mpaka kwenye mlango wenye mstari mwekundu. Hapo akazuiwa. Mlango ukafungwa. Saruli alilala akitazama taa kubwa ya juu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapakuwa na mwanamume wa nyumba yao wa kuisikia sauti yake.

"Daktari, subiri," alisema. "Juzi nilikudanganya. Mimi ninaimba."

Daktari Ila alikuwa tayari na barakoa usoni. "Unaimba nini?"

"Nyoli. Na dada yangu. Yuko ng'ambo."

Daktari wa usingizi, kijana wa milimani aitwaye Negi, akaiweka sindano chini. "Ng'ambo ya nini?"

"Ya korongo."

"Imba," akasema Daktari Ila.

Kulala chali siyo namna ya kuimba nyoli. Wakamwinua akaketi, miguu ikining'inia, gauni la kijani limemwacha wazi mgongoni, rovu limeketi shingoni kama mkate. Akafumba macho. Akaanza chini, akapanda, akafika pale ambapo wengi huishia, akapita.

"Msonobari unatoa utomvu, ukungu umelala bondeni, ee bhuli. Wewe ng'ambo, mimi huku, maji yanatucheka katikati, ee bhuli."

Bhuli ni mdogo wangu wa kike. Neno la mwisho aliliacha lining'inie juu huko, na vyuma kwenye sinia vikalia kidogo. Mlango wa pili ukafunguka, kichwa cha mtu wa thieta ya jirani kikachungulia, kikarudi. Negi alikuwa amegeukia ukuta. Nyanya yake alimlea kwa nyimbo hizo na alikuwa hajakwenda kumwona siku nyingi.

Daktari Ila akashusha barakoa. Alikuwa amekasirika, na si kidogo. "Mama! Ungeniacha nikukate hiyo?"

"Shemeji alikuwepo."

"Ninajua shemeji alikuwepo!" Akajipiga paja. "Mimi mtoto wa Almora, huko huko milimani, mama yangu mpaka leo anajifunika uso akimwona baba mkubwa, na nimempima mwanamke sauti mbele ya kaka wa mumewe! Nimesoma mpaka nimekuwa bwege. Kila mwanamke niliyempima hivyo, sijui nimemwandikia nini." Akavuta pumzi. "Sasa sikiliza. Nitaitafuta hiyo ya juu kwanza, kabla ya kitu kingine. Sikuahidi chochote, umesikia? Nitaitafuta."

"Daktari, kama ni kuchagua, niachie rovu."

"Rovu litakuua umeketi kwenye gunia lako."

"Basi niachie kidogo."

"Lala, mama," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Yaliyofuata Saruli hakuyaona. Daktari Ila alimsimulia baadaye kwa kituo, na yeye akalisimulia basi zima wakati wa kurudi, kwa vidole na macho.

Negi alimpa dawa ya usingizi, na ya kulegeza misuli kidogo tu ya kupitishia mpira, ambayo huisha upesi. Ikizidi, misuli yote inakufa ganzi na mashine haina la kusikia. Wakaingojea iishe. Daktari akafungua shingo, akagusa neva kubwa ya pembeni, inayozaa ile ya sauti, kujaribu, na mashine ikaitika, tok, tok, tok. Vizuri. Akapanda juu upande wa kulia, kwenye kichwa cha uvimbe, mahali penye mishipa ya damu mingi, akatenganisha nyama kidogo kidogo. Alikaa hapo mpaka Sista Rosamma akabadilisha mguu wa kusimamia mara kadhaa. Hatimaye akauona uzi mweupe umelala juu ya mshipa wa damu, mahali hasa ambapo angefunga na kukata asingeambiwa. Akaugusa kwa kijiti. Msuli mdogo mbele ya koo ukaruka. Akaugusa tena, ukaruka tena.

"Huyu hapa bhuli," Negi alisema, na wote wakacheka nyuma ya barakoa zao.

Ya juu ikapona. Shida ikaja chini. Rovu la kulia lilikuwa limezama kifuani na ile neva ya sauti ya nyuma ya tezi ilikuwa imetandikwa juu yake, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Daktari aliitenganisha taratibu, akigusa kila hatua, tok, tok, lakini uvimbe wenyewe ilibidi uvutwe utoke. Akauvuta. Tok. Akauvuta tena kidogo. Tok, hafifu. Halafu kimya.

"Negi, umempa dawa ya kulegeza?"

"Sijampa kitu."

"Mpira umesogea?"

Negi akachungulia kwa kamera ndogo. Mpira upo mahali pake, nyaya zimegusa. Daktari akahamia upande wa kushoto ambao haujaguswa, akajaribu. Tok, tok, tok, kwa nguvu. Akarudi kulia. Kimya. Mashine ilikuwa nzima, waya nzima, dawa hakuna. Neva aliiona kwa macho yake, haikukatwa, haikuchubuka, imelala nyeupe, lakini haisemi. Akaimwagia maji ya vuguvugu, wakasubiri. Akaigusa. Kimya. Wakasubiri tena.

Na nje alikuwa Kalyan Singh aliyetaka yote yatoke kwa mara moja, na basi la kutwa, na mgongo. Daktari Ila alisema baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umeshaielekea kushoto. Ukishamfungua mtu unatamani kumaliza. Lakini neva ya kushoto nayo ikizimia, nyuzi zote mbili zitaganda, zitaziba njia ya hewa, na mwanamke ataamka akiwa na tundu shingoni la kupumulia. Akaweka kijiti chini.

"Tunafunga," alisema. "Nusu inatosha kwa leo."

Saruli aliamka na kinywa kikavu. Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wa Sista Rosamma.

"Sema kitu, dada. Sema lolote."

Saruli akafungua kinywa. Ilitoka pumzi. Pumzi tupu, kama ya mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, ikatoka pumzi nyingi zaidi. Akamtazama sista, na machozi yakaanza kumtiririka yakiingia masikioni, kwa maana alikuwa amelala chali na hakuweza kuyafuta.

Kalyan Singh alipoambiwa alisikika mpaka ghorofa ya chini. "Nusu? Mmemfanya nusu? Hata kinyozi hamwachi mtu nusu!"

"Kinyozi akikosea nywele zinaota, baba," Daktari Ila alimjibu. "Nyingine tutaitoa neva hii ikiamka. Hewa anapata sasa, atalala chali. Nami nakuomba jambo moja. Nataka kuzungumza na shemeji yako, na wewe utusubiri nje."

Mzee akafura, akatoka. Daktari akavuta kiti. Akamwambia Saruli kwamba ile ya juu iko hai, ameiona ikiruka. Lakini ya juu hukaza tu, na ya chini ndiyo inayozileta nyuzi pamoja, na isipozileta hakuna cha kukaza. Imevutwa, imezimia. Huenda ikaamka baada ya wiki, huenda baada ya miezi.

"Na huenda isiamke?" Saruli alinong'ona.

"Huenda," alisema daktari. Hakuangalia pembeni. "Usiilazimishe. Usipige kelele. Urudi baridi ikiisha nikuangalie."

Alirudi Simaldhar msimu wa nyasi umeanza. Hakuruhusiwa kubeba mzigo, lakini hakuna aliyeweza kumzuia kupanda ukingoni. Siku ya kwanza tu alimsikia. Jainti alikuwa ng'ambo, doa jekundu kwenye majani ya manjano, na sauti yake ikaja safi juu ya korongo, ikimwita didi, dada mkubwa.

"Umeshuka tambarare, umerudi au bado, ee didi? Mundu wangu haukati, unasikiliza, ee didi."

Saruli akasimama. Kifua kikajaa. Akafungua kinywa, ikatoka ile pumzi, ikafika kwenye vidole vya miguu yake na kuishia hapo. Akapunga kitambaa. Wanawake kumi walikuwa wanapunga vitambaa kufukuza nzi, atajulikanaje? Alitamani kupasua kile kidonda kwa kucha aitoe sauti iliyokwama humo. Alitamani awe jiwe angalau, aviringike mpaka kule. Jainti akaimba tena, akangoja, akaimba tena.

Siku zilizofuata nyimbo zikabadilika. Kwanza utani, eti didi amekula peremende za mjini mpaka meno yamegandana. Kisha hasira, eti didi amefundishwa na shemeji yake kuringa. Kisha sauti ikaanza kutetemeka kwenye neno la mwisho, na Saruli akawa anarudi nyumbani bila kungoja wenzake.

Jirani yake Hira ndiye aliyeona haiwezekani. "Nitakuimbia mimi," alisema. Hira alikuwa na sauti ya jogoo mchanga, lakini ilifika. Akapanda kwenye jiwe, akaipeleka. "Dada yako hajambo, ee Jainti! Ni koo tu, ee Jainti! Usiwe na wasiwasi!"

Hira, Hira! Nia njema kabisa, na hakuna kibaya zaidi ambacho angeweza kusema. Huko ndugu akifa, mwanamke aliyeolewa mbali haambiwi ukweli. Anatumiwa mtu mwingine kumwambia kwamba mama hajambo, ni homa kidogo tu, usiwe na wasiwasi, na kila mwanamke aliyepokea ujumbe wa namna hiyo amefika nyumbani akakuta maiti imeshafungwa kwenye machela. Sauti ya mgeni, maneno yale yale. Ng'ambo lile doa jekundu likasimama wima. Kisha likatoweka.

Jua lilikuwa bado juu kilio kilipoanza kusikika njiani chini ya kijiji. Saruli alikuwa uwanjani anapepeta dengu nyeusi. Kalyan Singh alikuwa kwenye ngazi na chai yake na kipande cha sukari guru. Mwanamke akaingia akiwa amefungua nywele, vumbi mpaka magotini, anajipiga kifua, anamlilia dada yake aliyekufa akiwa hana wa kumfumba macho. Alimpita Saruli, akaenda moja kwa moja mlangoni kutafuta maiti.

Saruli akaacha ungo. Akamshika bega.

Jainti akageuka. Kilio kikakatika. Akamtazama usoni, akatazama kovu, akamtazama usoni tena, kisha akaanza kumpiga, ngumi za kweli, kwenye mikono na mabega.

"Kwa nini hujibu! Nimeimba mpaka nimetema damu! Nimekuzika wewe! Njia nzima nimekuzika!"

Saruli akajionyesha kooni. "Imelala," alinong'ona. "Neva. Daktari anasema huenda itaamka."

"Sema kwa sauti, sikusikii!"

"Hii ndiyo sauti."

Jainti akaelewa. Akamkumbatia, akamnusa nywele, akamshika masikio kama mtu anayehakiki mbuzi sokoni. Alikuwa na mvi. Saruli hakujua kwamba Jainti ana mvi, wala kwamba ameng'oka jino la pembeni. Kutoka ng'ambo mambo hayo hayaonekani. Kalyan Singh alikohoa. Akaitazama chai yake, akamtazama mwanamke yule ambaye yeye mzee alichelewa kumpaka mumewe rangi, akasema kwa ukali, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kwamba chai iko jikoni na isipoe. Kisha akachukua mkongojo akaenda kukaa nyuma ya zizi.

"Ningejua kunyamaza ndiko kunakokuleta," Saruli alinong'ona, "ningenyamaza siku ile ile ya harusi."

"Usithubutu!" Jainti alimfinya mkono hadi ukauma. "Umenisikia? Usithubutu. Leo Gusain atanipigia kelele, au atanifungia nje, sijui. Lakini kule nitarudi, watoto wangu wako kule. Kesho nitakuwa nyasini. Sasa nitajuaje kama upo?"

Saruli akamvuta mkono wakaingia jikoni. Walikula wali na dengu kutoka sahani moja, wanatazamana zaidi kuliko kula, na jua lilipoanza kuegemea Jainti akasema lazima ashuke kabla giza halijaingia darajani. Saruli akamsindikiza mpaka ukingoni, mahali ambapo njia inaanza kuteremka.

Hapo Jainti akasimama. Akaliangalia korongo kutoka upande huu, paa za kwake kule mbali, ndogo, na mteremko wa manjano ambako husimama kila siku. Akavuta pumzi akaimba. Kwa karibu sauti yake ilikuwa kali, ina mikwaruzo, ilimwingia Saruli masikioni mpaka akafumba macho. Wimbo ukavuka. Ulipokwisha Jainti akainamisha kichwa upande mmoja, kwa mazoea, akitegea jibu.

Ng'ambo hakukuwa na mtu wa kujibu. Wote wawili walikuwa huku.

Walicheka sana, Saruli kwa pumzi tu, mpaka Jainti akaanza kulia. Kisha akafunga nywele zake, akashika njia ya kushuka.